Kimondo cha Mbozi: Namna ya Kukitembelea na Sababu ya Kukilinda

Kila siku mamia ya malori hupita katika barabara kuu ya TANZAM yakielekea mpaka wa Tunduma au yakirejea kutoka Zambia na Kongo. Abiria wa mabasi huiona Mlowo, huiona Vwawa, hutazama mashamba ya mahindi na mibuni yaliyopo kandokando ya barabara, kisha hufika mpakani na kuendelea na shughuli zao. Ni wachache wanaotambua kwamba ndani ya vilima vya uwanda huo huo, katika Kijiji cha Ndolezi, Kata ya Mlangali, kuna bonge la chuma ambalo halikuchimbwa wala halikufuliwa na mtu yeyote. Chuma hicho kilitoka nje ya dunia. Ndicho Kimondo cha Mbozi, mojawapo ya vimondo vikubwa kuliko vyote vinavyojulikana duniani.

Jambo la kushangaza si kwamba wageni kutoka mbali hawakifahamu. La kushangaza zaidi ni kwamba wakazi wengi wa kata za jirani, kuanzia Mbozi Mission hadi Tunduma, wamelisikia jina lake tangu utotoni bila kupata kufika langoni. Makala hii inaeleza kimondo ni nini, namna kilivyofahamika, mambo ambayo mgeni atayaona akifika, maandalizi anayopaswa kufanya, na sababu inayomfanya mkazi wa kawaida kuwa mlinzi wa kwanza wa urithi huu.

Mahali penyewe

Kimondo kipo katika mteremko wa Kilima cha Marengi, umbali wa takriban kilomita 65 kutoka jijini Mbeya. Barabara ya kuingilia huachana na barabara kuu, na kutoka hapo msafiri hupita vijijini na katikati ya mashamba. Kelele za malori hubaki nyuma. Anayefika siku ya kawaida ya wiki huweza kujikuta yeye na wenzake ndio wageni pekee waliopo, na utulivu huo ni sehemu ya thamani ya mahali hapa.

Eneo hilo linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro, na urithi wa namna hii unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333. Kwa lugha nyepesi, hakuna mtu binafsi anayekimiliki. Ni mali ya Watanzania wote, na wakazi wa Mbozi wamejaliwa kuwa majirani zake.

Kutoka langoni mgeni huenda kwa miguu hadi ukingoni mwa shimo. Ni mwendo mfupi, usiomchosha mzee wala mtoto. Kimondo hukaa chini ya usawa wa ardhi iliyokizunguka, juu ya kiegemeo cha zege, kana kwamba kimewekwa juu ya meza. Mpangilio huo una historia yake, nayo itaelezwa hapa chini, kwa kuwa asiyeifahamu hudhani kwamba kimondo kilibebwa kutoka kwingine na kupandishwa hapo. Sivyo. Kimondo hakijawahi kuondoka mahali kilipokutwa. Kilichoondolewa ni udongo.

Namna kilivyofahamika

Wenyeji wa eneo hili walikifahamu kimondo muda mrefu kabla ya wageni. Hata hivyo, hakuna simulizi inayojulikana kutoka kwa mababu inayoeleza siku kilipoanguka. Tukio kama hilo lisingeweza kupita bila kutajwa. Moto ungeonekana angani hata mchana, ngurumo zingesikika katika vijiji vingi, na wazee wangewasimulia wajukuu. Kukosekana kwa simulizi, pamoja na kutoonekana kwa shimo la mwanguko katika ardhi ya leo, huwafanya wataalamu waamini kwamba kimondo kilianguka maelfu mengi ya miaka iliyopita. Mvua na mmomonyoko vimepata muda wa kutosha kufuta alama zote.

Kwa ulimwengu wa nje, kimondo kilitambuliwa mwaka 1930 na W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg. Wakati huo ni sehemu ya juu tu iliyokuwa inaonekana. Mwaka uliofuata, wataalamu wawili wa miamba, D. R. Grantham na F. Oates, walichapisha maelezo ya kisayansi kuhusu chuma hicho, wakiliandika jina la mahali kwa tahajia ya enzi zile, yaani Mbosi. Tangu hapo jina la Mbozi limekuwa likitajwa katika vitabu vya wataalamu wa vimondo popote duniani.

Ili kuliona umbo lote, udongo wa mteremko ulichimbwa pande zote na kuacha handaki likikizunguka kimondo. Chini yake iliachwa nguzo ya udongo ili kisiporomoke, na baadaye nguzo hiyo iliimarishwa kwa zege. Hicho ndicho kiegemeo anachokiona mgeni leo. Kwa maneno mengine, mgeni anaposhuka kwenye handaki hukanyaga mahali ambapo karibu karne moja iliyopita palikuwa na udongo mtupu.

Chuma cha angani na chuma cha tanuru

Ili kuelewa kimondo ni nini, mkazi wa Mbozi ana faida ambayo watu wa maeneo mengi hawana. Hapa ni nchi ya wafua chuma. Kabla ya majembe ya kiwandani kuenea, Wanyiha walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha mawe yenye chuma katika matanuru ya udongo. Mawe hayo yalipangwa pamoja na makaa, moto ukachochewa hadi ukawa mkali, na yaliyomo yakajitenga. Uchafu ulioyeyuka ulichuruzika na kuganda, nao ndio huitwa mavi ya chuma. Chuma chenyewe kilibaki na kupelekwa kwa mhunzi.

Hali inayofanana na hiyo, lakini kwa ukubwa usiokadirika, ilitokea angani yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita, wakati jua na sayari zake vilipokuwa vinaumbika. Magimba mengi madogo yalijikusanya kutokana na vumbi na mawe. Baadhi yake yalipata joto kali kiasi cha kuyeyuka ndani. Yalipoyeyuka, vitu vyepesi vilipanda juu na kuwa mwamba, na vitu vizito, yaani chuma na nikeli, vilizama hadi katikati na kuwa kiini. Gimba lilikuwa tanuru, mwamba ukawa kama mavi ya chuma, na kiini kikawa chuma safi.

Kiini hicho kilipoa polepole mno, kwa mamilioni ya miaka. Baadaye magimba yaligongana na kuvunjika, na vipande vya viini vyake vikatawanyika. Wingi wa magimba ya namna hiyo hadi leo huzunguka jua kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Mara mojamoja kipande huchepuka na kuvuka njia ya dunia. Kinapoingia katika anga letu kwa kasi inayozidi kilomita 11 kwa sekunde, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto kali, na uso wake huanza kuyeyuka. Huo ndio mwale ambao watu huuona usiku na kuuita nyota inayoanguka, ingawa si nyota.

Kila siku dunia hupokea makumi ya tani za vitu kutoka angani, lakini karibu vyote ni vumbi lisiloonekana kwa macho. Miongoni mwa vimondo vinavyoonekana vikianguka na kuokotwa, vya chuma ni takriban 5 tu katika kila 100. Vingine karibu vyote ni vya mawe. Kwa hiyo, kimondo cha chuma chenye uzito wa tani nyingi, kilichobaki mzima, ni jambo adimu kweli.

Hapa linazuka swali ambalo mwanafunzi makini hatakosa kuliuliza. Ikiwa mababu walikuwa wafua chuma, kwa nini walihangaika na tanuru badala ya kukata chuma kilichokuwa tayari kilimani? Jibu lipo katika chuma chenyewe. Bonge hilo ni kubwa mno kuwekwa katika tanuru, na ni gumu mno kukatwa kwa patasi za wakati ule. Nikeli iliyochanganyika na chuma hukiongezea ushupavu. Aidha, sehemu kubwa ya bonge ilikuwa imefukiwa. Kilichowashinda mafundi wa tanuru, hata hivyo, hakikuwakatisha tamaa watu wa baadaye waliokuja na misumeno, kama itakavyoonekana.

Je, ni kweli kimetoka angani?

Wapo wanaouliza, na ni haki yao kuuliza, ni vipi wataalamu wanaweza kuwa na uhakika ilhali hakuna aliyekiona kikianguka. Ushahidi wa kwanza ni nikeli. Sehemu kubwa ya kimondo, takriban asilimia 90, ni chuma, na karibu asilimia 9 ni nikeli. Vilevile kuna kiasi kidogo cha shaba, salfa na fosforasi. Chuma kinachopatikana katika mawe ya kawaida ya ardhini hakiwi katika hali ya metali tupu, wala hakina nikeli kwa kiwango hicho.

Ushahidi wa pili ni umbo la nje. Uso wa kimondo una mabonde madogo madogo yanayofanana na alama za vidole gumba vilivyobonyezwa kwenye udongo wa mfinyanzi. Mabonde kama hayo hutokea pale hewa yenye joto kali inapouchimba uso wa kimondo kikiwa katika mwendo.

Kuna pia ushahidi wa tatu, unaopatikana katika vimondo vingi vya chuma. Kipande kikikatwa, kikang'arishwa na kupakwa tindikali, hujitokeza mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka. Mistari hiyo ni fuwele za chuma na nikeli zilizokua wakati wa kupoa. Kwa kuwa upoaji huo ulichukua mamilioni ya miaka, hakuna kiwanda kinachoweza kuiga sura hiyo.

Uzito: kwa nini namba hutofautiana

Mgeni anayesoma vitabu mbalimbali atakutana na makadirio tofauti ya uzito. Wengine huandika tani 12, wengine tani 16, na zamani yalitajwa makadirio makubwa zaidi. Tofauti hiyo haipaswi kumtia mtu shaka. Hesabu hizo ni makadirio tu, yanayopatikana kwa kupima ukubwa wa bonge na kuuzidisha kwa uzito wa chuma.

Ugumu upo kwenye umbo. Kimondo kina urefu wa takriban mita 3 na kimo cha takriban mita 1, lakini hakikukaa kama sanduku. Upande mmoja umechongoka, mwingine ni mnene, na uso mzima una mabonde. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani 1. Mita moja ya ujazo ya chuma cha namna hii hukaribia tani 8. Hivyo basi, kosa la robo tu ya mita ya ujazo katika vipimo huongeza au kupunguza karibu tani 2.

Kwa mfano ulio karibu zaidi, tani 12 hadi 16 ni takriban nusu ya mzigo unaobebwa na semitrela moja kati ya zile zinazosubiri kuvuka pale Tunduma. Tofauti ni kwamba mzigo wa semitrela hujaza tela zima, ilhali chuma hiki, kwa ujazo wake, kingeweza kukaa ndani ya boksi la tipa dogo bila kulijaza, ingawa tipa lenyewe lingeelemewa.

Mambo ya kuangalia ukiwa hapo

Wageni wengi hupiga picha moja, husoma kibao na kuondoka. Saa moja ya kutembea taratibu kukizunguka kimondo inatosha kuona mengi zaidi.

Kwanza, mgeni asimame juu, ukingoni, akitazame chote kabla ya kushuka. Atauona mteremko wa kilima na kuelewa namna udongo ulivyokuwa umekifunika.

Pili, akishuka, aangalie rangi. Chuma hiki kina rangi ya kahawia iliyokolea kwa sababu ya kutu ya juu. Kutu hiyo haijapenya sana, ndiyo maana kimedumu katika ardhi yenye mvua kwa maelfu ya miaka.

Tatu, ayatafute yale mabonde ya vidole gumba na kuyalinganisha pande mbalimbali. Watoto hufurahia kuyahesabu, na ni njia nzuri ya kuwafundisha kutazama kwa makini.

Nne, aende kwenye ncha iliyochongoka. Hapo ataona pengo na makovu yasiyo ya asili. Hayo hayakufanywa na anga wala na mvua. Ni alama za watu waliokata vipande ili kuondoka na kumbukumbu. Pengo hilo halitajiziba kamwe.

Maandalizi ya safari

Mkazi anayetoka Mbozi Mission, Igamba, Mlowo au Vwawa anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Anayetumia usafiri wa umma hufika kwanza barabara kuu, kisha huchukua bodaboda au bajaji. Ni busara kupatana nauli ya kwenda na kurudi mapema, pamoja na muda wa kusubiriwa, kwa kuwa si rahisi kupata usafiri wa kurudia jioni.

Kipindi kizuri zaidi ni miezi ya kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Mwezi Juni na Julai uwanda huu huwa na baridi na upepo, hivyo sweta ni muhimu hasa kwa watoto na wazee. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, njia huteleza na handaki huwa na unyevu. Anayekwenda wakati huo avae viatu vinavyoshika ardhi na aondoke mapema, kwa kuwa mvua nyingi hunyesha mchana.

Kiingilio hulipwa kwa utaratibu wa Serikali wa kumbukumbu namba ya malipo, na mgeni anayo haki ya kupewa stakabadhi. Viwango vya raia si sawa na vya wageni wa nje ya nchi, kwa hiyo ni vyema kubeba kitambulisho. Kwa kuwa viwango huweza kubadilika, walimu wanaoandaa ziara za wanafunzi wanashauriwa kuuliza kwanza, na pia kutoa taarifa ya idadi ya wanafunzi ili waandaliwe mtu wa kuwapa maelezo.

Mgeni abebe maji ya kunywa na chakula chepesi, na arudi na taka zake. Mtoto mdogo ashikwe mkono karibu na ukingo wa handaki.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Je, kimondo kina mionzi yenye madhara?* Hapana. Ni chuma na nikeli. Kukaa karibu nacho hakuna hatari zaidi ya kukaa karibu na nguzo ya chuma.

*Je, mtu anaruhusiwa kukigusa?* Afuate maelekezo ya watumishi wa eneo. Inafaa kukumbuka kwamba jasho la mkono lina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kukigonga kwa jiwe ili kusikia mlio, kukikwaruza majina au kukipanda si utalii, bali ni uharibifu.

*Je, kuna hatari ya kimondo kingine kuanguka?* Vimondo vikubwa ni nadra sana, lakini si hadithi. Tarehe 30 Juni 1908 gimba lililipuka juu ya eneo la Tunguska, Siberia, na kuangusha miti katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Tarehe 15 Februari 2013 kimondo kingine kililipuka juu ya mji wa Chelyabinsk, nchini Urusi, na watu wapatao 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vioo vya madirisha waliyokuwa wamekimbilia kuchungulia. Funzo lake ni fupi: mtu akiona mwanga mkali usio wa kawaida angani, akae mbali na vioo, kwa sababu kishindo hufika baadaye. Kutokana na tukio la Tunguska, mwaka 2016 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 30 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kuelimisha umma kuhusu magimba hayo. Siku hiyo huadhimishwa pia hapa Mbozi.

*Je, mtu akiokota jiwe zito linalovutwa na sumaku, ni kimondo?* Mara nyingi siyo. Yapo mawe mengi ya kawaida yenye chuma, na pia mavi ya chuma ya matanuru ya zamani, ambayo huwadanganya watu kwa uzito na rangi yake. Anayeokota kitu anachokitilia shaka atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au kwa watumishi wa eneo la kimondo, badala ya kukivunja au kumpa mnunuzi asiyemjua. Hata mavi ya chuma yana thamani, kwa kuwa huonyesha mahali ambapo mababu walikuwa na tanuru.

Kimebaki nyumbani

Ili kutambua bahati ya Mbozi, inatosha kutazama yaliyotokea kwingineko. Kaskazini mwa Greenland, wenyeji wa Kiinuit walitumia kwa karne nyingi chuma cha vimondo kutengenezea visu na ncha za mikuki ya kuvulia. Mwaka 1897 mpelelezi wa Kimarekani, Robert Peary, alipakia melini bonge kubwa kuliko yote, lenye uzito wa takriban tani 31, akalipeleka New York. Baadaye liliuzwa pamoja na mengine kwa jumba la makumbusho la jiji hilo. Hadi leo mtoto wa Greenland anayetaka kuona chuma cha mababu zake hana budi kuvuka bahari.

Katika jumba hilo hilo kipo kimondo cha Willamette, chenye uzito wa zaidi ya tani 14, kilichotoka Oregon. Ni kitu kitakatifu kwa Wahindi Wekundu wa eneo hilo. Mwaka 2000 vizazi vyao vilifikia makubaliano na jumba la makumbusho ya kuwawezesha kukitembelea kwa ibada, lakini kimondo chenyewe kilibaki New York.

Nchini Namibia mambo yalikwenda vingine. Kimondo cha Hoba, kikubwa kuliko vyote vinavyojulikana, chenye takriban tani 60, kilikutwa shambani mwaka 1920. Kiliachwa mahali pake, na mwaka 1955 kilitangazwa kuwa mnara wa taifa. Leo wageni hukifuata huko huko, na faida ya safari zao hubaki Namibia.

Kimondo cha Mbozi kipo katika kundi la Hoba. Hakikuuzwa wala hakikupakiwa melini. Mtoto wa Ndolezi, wa Vwawa au wa Mbozi Mission anaweza kukifikia kwa bodaboda. Mahali hapa pakitunzwa na kutembelewa, anayeuza kahawa, ndizi, mahindi ya kuchoma au chakula cha mchana kando ya njia hupata riziki, mwenye nyumba ya wageni hupata mgeni, na kijana aliyejifunza historia ya eneo lake hupata kazi ya kuongoza wageni. Mambo hayo huanza kwa wenyeji wenyewe kukijua na kukithamini walicho nacho.

Wajibu wa jirani

Uzio na walinzi vina kazi yake, lakini macho ya vijiji vinavyozunguka yana nguvu zaidi. Wakazi wanahimizwa kutoa taarifa mara moja wanapoona mtu akikata, akigonga au akichimba ndani ya eneo, au akiuza vipande anavyodai ni vya Kimondo cha Mbozi. Kununua kipande cha namna hiyo ni kujiingiza katika matatizo mawili: kama ni cha kweli, kimeibwa kutoka kwa Watanzania wote, kama ni cha uongo, mnunuzi ametapeliwa.

Wakulima wenye mashamba jirani wanakumbushwa kuheshimu mipaka ya eneo na kuzuia moto wa kuandaa mashamba usivuke. Wazazi na walimu wanaombwa kuwapeleka watoto angalau mara moja kabla hawajamaliza shule ya msingi. Wazee wenye kumbukumbu za namna mahali hapa palivyokuwa zamani, njia zilizokuwepo na majina ya vilima kwa Kinyiha, wanaombwa kuwasimulia vijana wayaandike. Kimondo kilianguka bila kupata msimulizi. Yaliyotokea kukizunguka katika karne hii moja bado yana wasimulizi, nao si wa kudumu.

Chuma hicho kilisafiri angani kwa muda usiohesabika, kikakaa kilimani kwa maelfu ya miaka bila kudhurika, na baada ya kufahamika kikapata makovu ya msumeno. Kukizuia kisipate kovu jingine hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji wakazi wanaokijua, na njia ya kukijua ni kupita langoni.